"Ghafla", "basi", "mara": maneno tunayoyarudia katika hadithi zetu, na yapi yafutwe

Mleta uzi

Ndugu zangu, mswada wa riwaya yangu umerudi kutoka kwa mhariri, na katika sura ya kwanza peke yake neno "ghafla" limezungushiwa wino mwekundu mara 14. Riwaya yenyewe inamhusu Salma, mshonaji wa Majengo, hapa Mombasa, anayemngoja mumewe aliyekwenda baharini. Ni hadithi ya kungoja, na sikujua kwamba ndani ya sura moja ya kungoja nimetia mambo 14 ya ghafla. Niliona haya, na nilistahili kuiona.

Wino huo huo, hata hivyo, umefuta kila "basi" lililotoka kinywani mwa bibi yake Salma, ajuza wa Kibokoni ambaye haanzi habari yoyote bila ya neno hilo wala haimalizi bila hilo. Namjua bibi huyo kwa sababu nimelelewa na mtu kama yeye. Pembeni pameandikwa maneno mawili tu: "linajirudia, ondoa". Nimeleta uzi huu kwa kuwa naamini hukumu ya kwanza ilikuwa ya haki na ya pili haikuwa, na nataka kueleza tofauti yake kadiri ninavyoielewa, kisha wenye uzoefu wanirekebishe.

Nianze na "ghafla". Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa "kughafilika". Likitamkwa, linadai kwamba pana mtu aliyekuwa hana habari, aliyesahau kujihadhari, na jambo likamfika katika hali hiyo. Nilipozirudia zile sehemu 14 nikiwa na maana hiyo kichwani, niligundua kwamba katika 12 kati yake hakuna mtu aliyeghafilika hata kidogo. Salma amekaa anautazama mlango tangu magharibi, masikio yake yote yako nje, kisha mimi naandika kwamba ghafla akasikia hodi. Hodi iliyongojwa kwa saa tatu haiwezi kuwa ya ghafla. Hata kama ningeliandika neno hilo mara moja tu katika kitabu kizima, pale lingekuwa linasema uongo. Katika sehemu mbili zilizobaki, moja nimeiacha kama ilivyo, kwa sababu Salma anatunga uzi kwenye tundu la sindano na dunia yote imemtoka akilini mtoto wa jirani anapoanguka ngazini. Ile ya pili nimeifuta, kwa kuwa kughafilika kwake kunaonekana vya kutosha bila ya kutajwa.

Sasa niwaonyeshe kifungu kimoja jinsi kilivyokuwa:

"Ghafla mlango ulifunguka. Salma alishtuka sana. Aliweza kumwona mtu ambaye alikuwa amesimama kizani huku akiwa anatabasamu. Moyo wake ulianza kumdunda."

Nimekitazama kifungu hiki kwa siku kadhaa, na nimeona kwamba tatizo lake ni la Kiswahili hasa. Kitenzi chetu kinabeba mzigo mkubwa ndani yake: mtenda, wakati, mtendwa, hata urejeshi. Mwandishi asiyekiamini kitenzi chake humwekea mchukuzi wa pili. Ikiwa Salma alimwona mtu, bila shaka aliweza kumwona, kwa hiyo "aliweza" ni mchukuzi asiye na mzigo. "Ambaye alikuwa amesimama" ni "aliyesimama" iliyonyoshwa. "Huku akiwa anatabasamu" ni "akitabasamu", kwa kuwa ile "-ki-" imekwisha kulibeba "huku" lote. "Ulianza kumdunda" inaahidi kwamba mdundo utaendelea au utakatizwa, na mimi sikuwa na nia ya lolote kati ya hayo mawili. Nimekiandika upya hivi:

"Komeo lilitikisika, mlango ukafunguka hadi nusu. Salma aliiacha sindano ndani ya pindo. Kizani alisimama mtu, na meno yake yalionekana kabla ya uso."

Sisemi kwamba ni kizuri kupita kiasi, lakini sikukipata kwa kuhesabu maneno. Nilikipata kwa kukiuliza kila kitenzi kama kinaweza kusimama peke yake. Na hapa naomba tujihadhari, kwa sababu wapo wanaofuta kila "ambaye" wakidhani wanasafisha. Urejeshi wa ndani ya kitenzi unakubaliana na "-li-", "-na-" na "-taka-", lakini haukubaliani na "-me-". Anayetaka kumtaja mtu ambaye amefika hana njia ya kulikwepa neno hilo, isipokuwa aubadilishe wakati wenyewe, na pengine wakati huo ndio alioutaka.

Kuhusu kuhesabu, niseme kidogo. Ushauri mwingi unaozunguka katika intaneti umetoka kwa waandishi wa Kiingereza. Elmore Leonard wa Marekani, kwa mfano, alichapisha mwaka 2001 katika gazeti la New York Times kanuni 10 za uandishi, na mojawapo inakataza neno lao la "ghafla". Ushauri ni mwema, lakini njia ya kuutekeleza, ya kuliandika neno katika kisanduku cha kutafutia na kufuta kila linapotokea, haitufai moja kwa moja. Kwetu neno halikai peke yake. Ukitafuta "alitabasamu" hutaiona "akatabasamu", wala "akitabasamu", wala "walipotabasamu", kwa hiyo lazima utafute mzizi. Na ukitafuta mzizi mfupi, makapi yanakuja pamoja na nafaka. Nilitafuta "hisi" nione wahusika wangu wanahisi mara ngapi, nikaletewa kila "rahisi". Nilitafuta "huku", nikaletewa "chukua" na "shukuru". "Mara" ililetwa pamoja na maradhi, marashi na imara. Nilipotafuta "ona" katika kitabu cha mshonaji, kila ukurasa uliwaka, kwa kuwa neno hilo limo ndani ya "kushona" na ndani ya "mshonaji" mwenyewe. Nilitumia usiku tatu, na mwishowe nilifanya kile ambacho ningepaswa kukifanya tangu mwanzo: nilikisoma kitabu chote kwa sauti.

Kuna na ishara za mwili, ambazo nazo zimejaa. Wahusika wangu wanashusha pumzi na kupandisha mabega katika kila mazungumzo. Nimejiuliza ni lini nimemwona mtu wa Majengo akipandisha mabega kuonyesha kwamba hajui. Watu ninaoishi nao hubetua mdomo, husonya, hujishika tama, huivuta leso mabegani na kugeuka. Ishara zile nilizisoma vitabuni nikazivisha watu wasiozijua, na nadhani ndiyo maana zilijirudia: sikuwa nikimtazama mtu yeyote nilipokuwa nikiziandika.

Nangoja michango yenu, hasa juu ya bibi na "basi" lake.

Mchangiaji kutoka Changamwe

Ndugu mleta uzi, nimekuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na ninaposoma maelezo yako naona kazi ya mikono yetu. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, ulidumu tangu 1985 hadi 2023, na katika muda huo wote vizazi vya watoto vilifundishwa kwamba insha nzuri ni ile iliyopambwa. Kila mtoto alikuwa na daftari la misemo. Jambo likitokea, lazima aandike "hamadi!" au "lahaula!". Muda ukipita, umepita "kufumba na kufumbua". Akistaajabu, "amepigwa na bumbuwazi". Akiogopa, "kijasho chembamba kilimtoka". Tuliwapa alama kwa misemo hiyo, na watoto si wajinga, waliiandika. Waandishi wengi wanaochapisha leo katika nchi hii ni watoto wale wale wamekua.

Nina jambo ambalo sijalisema popote. Mwaka mmoja niliwapa darasa langu insha kuhusu moto. Mtoto mmoja, ambaye nyumba ya jirani yao ilikuwa imeungua kweli, aliandika kwamba asubuhi yake waliikuta sufuria ya chai imekaa juu ya jiko mahali pake pale pale, mpini umeyeyuka ukashikana na sahani, na kwamba mamake aliichukua akaiosha. Hapakuwa na hamadi wala lahaula. Nilimpa alama chache kuliko mwenzake aliyeandika kwamba ndimi za moto ziliramba paa huku moyo ukimdunda. Insha ya ndimi za moto siikumbuki tena, lakini ile sufuria naiona hadi leo, na mtoto yule sikumwambia kamwe kwamba alikuwa ameandika vizuri.

Kwa hiyo naomba tunapozungumza juu ya kufuta, tujue tunafuta nini. "Kijasho chembamba" ilikuwa nzuri siku ya kwanza, na yeyote aliyeibuni alikuwa amelitazama paji la uso la mtu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na sisi tulichovya kwa miaka karibu 40.

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa kulisema hilo. Nimefungua sura ya tatu baada ya kukusoma, na nimekikuta kijasho chembamba mara mbili. Nimekitoa. Salma sasa anaipangusa mikono kwenye kitambaa cha mteja, jambo ambalo mshonaji makini halifanyi ila akiwa ameogopa kweli.

Mchangiaji kutoka Nyali

Mimi ni mhariri, ingawa si yule aliyeushika mswada wako, na nataka kumtetea mwenzangu katika suala la "basi".

Mhadithiaji anapokaa barazani na kusema "basi", kuna mambo mengi yanayotokea ambayo karatasi haiyaoni. Anavuta pumzi, anawatazama wasikilizaji, anampisha anayetaka kucheka, anaikumbuka sehemu inayofuata. Karatasi imetupa nukta na aya kwa kazi hiyo hiyo. Ukiyahamisha yote kutoka kinywani hadi kwenye ukurasa, msomaji anapata pumzi mbili mahali palipohitaji moja, na atachoka bila ya kujua kilichomchosha. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kila mwandishi niliyemhariri ana asali yake: mmoja ana "kwa hakika", mwingine ana "ama kwa kweli", wa tatu hafungi sura bila ya mwezi kuchomoza.

Lakini sikubaliani na amri ya "linajirudia, ondoa", kwa sababu "basi" si neno moja. Lipo la kufuatanisha: basi akaja. Lipo la kuhitimisha: ikiwa ni hivyo, basi twende. Lipo la kumpa mtu ruhusa, ambalo ndani yake mna kushindwa kidogo: basi, nenda. Lipo la kukomesha, ambalo mama hulitamka mara moja na watoto wote wakanyamaza. Lipo na lile la kukata tamaa, linalokuja mwisho wa sentensi na halina kitu baada yake. Mwandishi ambaye bibi yake anayatumia yote matano ameandika mtu. Mwandishi ambaye bibi yake anatumia lile la kwanza peke yake, mara 30, ameweka kibandiko kilichoandikwa "mzee wa Pwani" juu ya mhusika asiyekuwa na uso. Ningekuomba uyapange mafungu hayo kabla ya kumlaumu aliyeshika kalamu nyekundu. Tena usiihesabu "akasema" pamoja na maneno haya, maana msomaji haioni, na kuibadilisha kwa "akanguruma" na "akafoka" kila mstari ni ugonjwa mbaya kuliko dawa.

Mleta uzi

Dada yangu, nimeyapanga, na jibu limenitia simanzi. Bibi anatamka "basi" mara 31. La ruhusa ni moja, la kukata tamaa ni mawili, na yote 28 yaliyobaki ni ya kufuatanisha. Bado siamini kwamba kuyafuta yote kunatosha, kwa kuwa nilipoyafuta, bibi alianza kuzungumza kama taarifa ya habari. Nilipoyarudisha, akawa kama ulivyosema. Kuna kitu hakipo, na sijui ni kipi.

Mchangiaji kutoka Mji wa Kale

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu, na nimefurahi kwamba vijana wanajali neno moja kiasi hiki.

Katika ushairi sisi hatukuona haya kurudia. Kibwagizo kinarudi kila ubeti, na msikilizaji anakingoja arudi nacho. Hiyo tunaiita takriri, na tofauti yake na uzembe haimo katika idadi. Kibwagizo kinaporudi baada ya ubeti wa tano kinabeba yale yote yaliyosemwa katika beti tano, kwa hiyo maneno ni yale yale na maana imeongezeka. Neno la mazoea linaporudi linakuja mikono mitupu, kama lilivyoondoka. Mwandishi akitaka kujua kama "basi" la ukurasa wa 80 ni takriri au ni mazoea, na aliondoe, kisha atazame kama ukurasa wa 10 umepungukiwa na chochote.

Lakini nina swali kwako wewe mleta uzi. Bibi huyo wa Kibokoni, umemwandika akizungumza Kiswahili gani? Mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikawekwa kando, na tangu Kamati ya Lugha ianze kazi mwaka 1930 vitabu vimefuata njia hiyo. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana umetuwezesha kusomana tangu huku hadi Kigoma. Hata hivyo usanifu ulikuwa wa vitabu vya shule na vya ofisi, na hakuna aliyemwamuru ajuza aliyekaa kitako jikoni mwake aache kusema "ndia" aseme "njia". Nimeona wengi wakiuvua mdomo wa mhusika lahaja yake yote kwa hofu ya mhariri, kisha wakitafuta neno moja lililobaki, linalokubalika, wakalitwisha kazi ya kuonyesha alikotoka. Neno hilo haliwezi kubeba mji mzima. Lazima litajirudia.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Nililisoma swali lako jana usiku, na sikujibu kwa sababu nilikwenda kufungua mswada wa kwanza kabisa, ule wa daftari, nilioandika kwa mkono kabla ya kuupiga chapa. Bibi alikuwa akisema "yuwaja" kwa "anakuja". Alikuwa akisema "mato" kwa "macho", na "nti" kwa "nchi", na "ndoo hapa" kwa "njoo hapa". Niliyaondoa mimi mwenyewe, nilipokuwa nikiandaa nakala ya kupeleka, kwa kudhani kwamba ndivyo mswada unavyopaswa kuwa safi, na sikumbuki hata kama iliniuma. Mhariri hakuyaona kamwe. Alichokiona ni bibi niliyekwisha kumnyang'anya kila kitu, akiwa amebaki na "basi" 31.

Naondoa lawama niliyoianzia uzi huu. Ile hukumu ya pili sikuielewa, na aliyeiandika pembeni pengine hakuielewa pia, lakini kidole chake kiligusa mahali panapouma. Mstari ulioniudhi zaidi alipoufuta ulikuwa huu: "Basi mume wako anakuja, basi usilie, basi futa macho yako, basi keti hapa chini." Nimeuandika upya hivi: "Basi yuwaja. Futa mato, keti hapa tini."

Limebaki "basi" moja, na nadhani sasa ni lile la tatu katika orodha ya dada wa Nyali, lenye ruhusa na kushindwa kidogo, kwa kuwa bibi mwenyewe haamini kwamba mume atarudi. Sikuwa nimejua kwamba haamini mpaka lilipobaki peke yake.

Adhuhuri ya leo nimemsomea mama yangu ukurasa huo. Alizaliwa Kibokoni na hasomi riwaya, ila anasikiliza vizuri. Alinikatiza mara moja tu. Alisema mwanamke huyo hawezi kumwambia mjukuu wake "keti", maana hiyo ni ya mwalimu na wanafunzi; atamwambia "kaa kitako". Nimebadilisha.